Nani Atawapokea Wageni Milioni Tano? Tafakuri Juu ya Elimu ya Ukarimu na Utalii Nchini

Mwaka 2020, virusi vya korona vilipofunga anga za dunia, Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa 620,867. Miaka minne baadaye, mwaka 2024, tuliwapokea 2,141,895, idadi ambayo hatukuwahi kuifikia tangu uhuru, na mapato yakakaribia dola bilioni 3.9. Ukiwaongeza watalii wa ndani 3,218,352, jumla inavuka milioni tano, na hivyo ndivyo serikali ilivyojumlisha ilipotangaza kwamba lengo la ilani ya uchaguzi ya mwaka 2020 limetimia. Filamu ya The Royal Tour, iliyozinduliwa Aprili 2022, imepewa sehemu kubwa ya sifa. Mwaka 2027 tutashirikiana na Kenya na Uganda kuandaa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, na viwanja, barabara na hoteli vinajengwa usiku na mchana.

Sina ugomvi na furaha hiyo. Nina swali ambalo silisikii likiulizwa majukwaani: wageni hawa wanapokewa na nani? Yule binti anayesimama mapokezi saa nane za usiku, yule kijana anayemweleza mgeni habari za Bonde la Olduvai, yule mpishi ambaye mgeni hamwoni kamwe, walifundishwa wapi, kwa lugha gani, kwa fedha za nani? Na baada ya miaka kumi ya kazi watakuwa wamefika wapi?

Tumejifunza kutangaza. Kufundisha tumekuacha kukokota nyuma. Katika makala hii nitajaribu kueleza kwa nini naamini kwamba suala la iwapo Mtanzania atakuwa mwenyeji au mtumishi katika sekta hii litaamuliwa darasani na jikoni mwa vyuo vyetu, kabla halijaamuliwa kwenye meza za wawekezaji.

Swali la vijana wa 1970

Mjadala huu una babu yake. Mwaka 1970 Umoja wa Vijana wa TANU, tawi la Chuo Kikuu, uliandika katika gazeti la The Standard kuhoji uamuzi wa serikali wa kutia fedha za umma katika utalii. Maofisa wa serikali, wachumi, wanafunzi na wasomaji wa kawaida walijitosa, na mwaka 1973 Tanzania Publishing House ikachapisha mjadala huo kama kitabu, Tourism and Socialist Development, kilichohaririwa na Issa Shivji. Wapo waliosema utalii ungetupatia fedha za kigeni za kujengea viwanda. Wapo waliojibu kuwa fedha hizo zingerejea zilikotoka kupitia mashirika ya ndege, mawakala wa safari na vyakula vya kuagiza nje. Na wapo waliogusa jambo lisilohesabika kwa shilingi: taifa linalowaandaa vijana wake kuhudumia starehe za wengine linajenga utu wa namna gani? Nyuma ya swali hilo ilisikika sauti ya Frantz Fanon, ambaye mwaka 1961 alikuwa ameonya kwamba tabaka jipya la wenye mali katika nchi zilizojikomboa lingeweza kuzigeuza nchi hizo kuwa mahali pa starehe za Wazungu.

Historia iliupendelea upande mmoja. Baada ya mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990, hoteli za umma ziliuzwa au kukodishwa, na Sera ya Taifa ya Utalii ya mwaka 1991, kisha ile ya 1999, zikakabidhi usukani kwa sekta binafsi. Hoteli ya Kilimanjaro, iliyofunguliwa mwaka 1965 ikiwa fahari ya taifa changa, ilizaliwa upya mwaka 2005 chini ya jina la Kempinski na sasa ina jina la Hyatt. Leo hakuna chama cha siasa kinachosema tuachane na utalii, wala mimi sisemi hivyo.

Hata hivyo, lile swali la utu halikujibiwa. Lilinyamazishwa tu, na bado lipo katika lugha yetu. Neno "boi" lilitoka katika Kiingereza likiwa na maana ya mtoto wa kiume. Mkoloni akalitumia kuwaita wanaume wazima, wenye wake na wajukuu, waliompikia na kumfulia. Mkoloni aliondoka, lakini uboi ulibaki katika fikra. Ndiyo maana mzazi wa leo, akiambiwa mwanawe amechaguliwa kusomea hoteli, huuliza kwa masikitiko: nimeuza ng'ombe ili mtoto akatandike vitanda vya watu?

Kinyume chake tunalo neno "ukarimu", ambalo wizara na vyuo vimelichagua kuitaja tasnia nzima. Ni chaguo zito kuliko tunavyofikiri. Mkarimu ni mwenye nyumba. Ana kitu cha kutoa, anajua thamani yake, na ana haki ya kumwambia mgeni kwamba jambo fulani hapa kwetu halifanyiki. Wahenga waliposema "mgeni njoo, mwenyeji apone", walitupa kipimo kamili: kama mgeni amekuja na mwenyeji hajapona, basi kuna kasoro katika namna tulivyompokea. Kazi ya elimu ya ukarimu ni kumtoa kijana katika uboi na kumfikisha kwenye ukarimu.

Kutoka klabu ya wakoloni

Elimu hii haikuanza jana. Mwaka 1969 serikali ilianzisha chuo cha mafunzo ya hoteli na utalii Forodhani, Dar es Salaam, ndani ya jengo lililokuwa klabu ya wakoloni wa Kiingereza, mahali ambapo Mwafrika aliingia akiwa amebeba sinia. Kulikuwa na busara katika kuligeuza jengo hilo kuwa shule ya kuwafundisha Waafrika kazi ya hoteli kama taaluma. Baadaye jengo likakabidhiwa Mahakama ya Rufani, na chuo, ambacho mwaka 2003 kilifanywa wakala wa serikali na kuitwa Chuo cha Taifa cha Utalii, kikapata kampasi ya Bustani iliyojengwa kwa ushirikiano na Ufaransa, pamoja na kampasi za Temeke na Arusha. VETA ina chuo chake cha hoteli na utalii Njiro, Arusha. Zanzibar kuna kampasi ya utalii ya Maruhubi, ambayo sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA. Vyuo vikuu kadhaa, kikiwemo Sokoine na Chuo Kikuu Huria, hutoa shahada za usimamizi wa utalii. Kando yao vimechipuka vyuo binafsi visivyohesabika, vingine vizuri, vingine chumba kimoja juu ya duka la vipuri.

Linganisha na upande wa wanyamapori. Chuo cha Mweka, chini ya Mlima Kilimanjaro, kilianzishwa mwaka 1963 ili Waafrika washike uongozi wa hifadhi kutoka kwa maofisa wa kikoloni. Lengo lilikuwa wazi, nalo lilifikiwa: hifadhi zetu leo zinaongozwa na Watanzania, na Mweka imefundisha wahifadhi wa nchi nyingi za bara hili. Kwa upande wa hoteli hatukuwahi kuweka lengo la wazi kiasi hicho. Tulisema tunataka "watumishi wenye ujuzi", tukawapata kwa kiasi. Hatukusema tunataka mameneja wakuu, wapishi wakuu na wenye hoteli, na matokeo yake ni haya tunayoyaona. Ukizunguka hoteli kubwa za pwani ya mashariki ya Unguja au kambi za kifahari za Serengeti, utakuta kadiri unavyopanda ngazi ya madaraka ndivyo majina yanavyobadilika.

Chuo bila jiko

Taaluma ya ukarimu ni ya mikono, macho na moyo. Haifundishwi kwa chaki peke yake. Chuo cha Lausanne, Uswisi, kinachotajwa kuwa cha kwanza cha aina yake duniani, kilianza mwaka 1893 ndani ya hoteli, kwa juhudi za wenye hoteli wenyewe waliochoshwa na uhaba wa wafanyakazi stadi. Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kilianza kufundisha usimamizi wa hoteli mwaka 1922, na hatimaye kikajenga hoteli yake ya kufundishia palepale chuoni. Hapa jirani, Kenya ilifungua Chuo cha Utalii mwaka 1975 kwa ushirikiano na Uswisi. Pembeni mwa madarasa, kando ya barabara ya Thika, ipo Hoteli ya Utalii inayopokea wageni wa kweli wanaolipa fedha za kweli. Mwanafunzi hukosea mbele ya mgeni, husahihishwa na mwalimu, na kesho yake hurudia.

Kwetu vyuo vyenye nyenzo hiyo, kama kile cha Njiro chenye hoteli yake, vinahesabika kwa vidole. Kwingineko mwanafunzi hujifunza kupanga meza ya karamu kwa kuchora ubaoni, na huona mashine ya kahawa kwa mara ya kwanza siku anapoajiriwa. Tungemshangaa mtu anayefungua chuo cha uuguzi kisicho na wodi, lakini chuo cha hoteli kisicho na jiko hatukishangai.

Pengo hilo tunalifidia kwa mafunzo kwa vitendo, au "fildi" kama vijana wanavyoyaita. Katika miaka yangu ya ualimu nimesoma taarifa nyingi za fildi, na zipo zilizonikosesha usingizi. Msichana mmoja alikaa miezi mitatu katika hoteli ya ufukweni na kazi yake ilikuwa moja: kufuta vijiko na uma. Hakupelekwa mapokezi, hakupelekwa jikoni, wala hakuna aliyemweleza kwa nini glasi fulani hutumika kwa kinywaji fulani. Alijilipia nauli na chakula. Mwishoni alipewa barua iliyogongwa mhuri, yenye maneno yaleyale yaliyokuwa katika barua za wenzake sita. Hoteli ilipata mikono ya bure, chuo kikapata karatasi ya kufunga faili, na yeye akabaki alivyokuwa.

Dawa inajulikana, na tumekwisha kuionja. Chuo cha Taifa cha Utalii, kwa kushirikiana na Shirika la Kazi Duniani, chama cha wenye hoteli, chama cha waajiri na vyama vya wafanyakazi, kiliendesha mpango wa uanagenzi wa miaka miwili katika kazi za hoteli. Mwanagenzi ana mkataba, ana mkufunzi maalumu kazini, ana daftari linaloonyesha stadi alizozimudu, na hupokezana kati ya darasa na hoteli. SUZA nayo ikaifuata njia hiyo upande wa Zanzibar. Tatizo ni lile la miradi yote: ilianza na wafadhili, na idadi ya wanufaika ikabaki ndogo ukilinganisha na maelfu wanaopelekwa fildi kila mwaka bila mkataba wowote. Kilicho chema kwa wachache hakina budi kufanywa kanuni kwa wote. Hoteli inayotaka kupokea mwanafunzi iandikishwe, iwe na mkufunzi anayetambuliwa, itoe posho ya nauli na chakula, na ikaguliwe na NACTVET kama vyuo vinavyokaguliwa.

Nani alipe?

Hapa ndipo mijadala yetu hukwama, kwa kuwa kila upande huutazama mwenzake. Serikali husema sekta binafsi ndiyo inayonufaika, basi ilipe. Wenye hoteli husema wanalipa tayari, na wana hoja. Wanalipa kodi ya kuendeleza ufundi stadi, ile SDL, kwa kila shilingi ya mshahara. Kuna pia tozo ya maendeleo ya utalii, ambayo msingi wake ni Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, inayotokana na malazi ya mgeni. Malalamiko ya waajiri ya miaka mingi ni kwamba sehemu kubwa ya SDL haifiki kwenye karakana na majiko ya kufundishia, na kilio chao kimesikika kwa namna moja tu: viwango vimepunguzwa kutoka asilimia 6 ya zamani. Kupunguza kodi ni kujibu swali lingine. Swali lilikuwa fedha zinakwenda wapi.

Kenya waliamua mapema, miaka ya 1970, kwamba hoteli na migahawa ichangie asilimia 2 ya mapato katika mfuko maalumu, na mfuko huo ndio uliokijenga na kukilisha Chuo cha Utalii. Wahitimu wake wanapatikana kuanzia Mombasa hadi Dubai, na hapa kwetu hoteli nyingi zimeongozwa nao. Tuna tabia ya kulalamika kuwa Wakenya wanachukua kazi zetu. Tangu Julai 2010, Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilipoanza kutumika, malalamiko hayo yamezidi. Ukweli mchungu ni kwamba kazi hizo zilichukuliwa nusu karne iliyopita, siku jirani alipoamua kutenga fedha za kufundisha na sisi hatukuamua.

Nisieleweke vibaya: mfuko si hirizi. Kenya haohao walianza kujenga chuo cha pili pwani, Kilifi, kwa jina la Ronald Ngala, na ujenzi ukavuka muongo mzima huku gharama zikipanda. Fedha zilizotengwa bila uwazi huzaa majengo yasiyokwisha. Kwa hiyo ninapopendekeza kwamba sehemu inayojulikana ya tozo ya maendeleo ya utalii na ya SDL inayotoka hotelini iwekwe katika mfuko wa mafunzo ya ukarimu, napendekeza pia kwamba bodi yake iwe na wenye hoteli, CHODAWU kwa niaba ya wafanyakazi, vyuo na wanafunzi, na hesabu zake zichapishwe kila mwaka hadharani. Watumishi wa umma wanaosoma makala hii wanajua kuwa jambo hili halihitaji sheria mpya ndefu. Linahitaji Hazina ikubali kwamba shilingi iliyokusanywa kwa ajili ya ufundi itumike kwa ufundi.

Kifundishwe nini?

Tuseme fedha zimepatikana na majiko yamejengwa. Bado kuna suala la kile tunachokipika humo.

Mitaala mingi ya mapishi bado inamfundisha kijana sosi za Kifaransa kabla ya kumfundisha nazi. Sosi hizo ni elimu nzuri, azijue. Lakini mhitimu wa stashahada asiyeweza kueleza tofauti ya pilau na biriani, asiyejua mtori wa Wachaga, matoke ya Wahaya, urojo wa Unguja au kisamvu kilichoungwa karanga, amepokonywa urithi ambao mgeni amesafiri saa kumi kuja kuuonja. Mama ntilie wa Tandale anajua mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha chuo. Kwa nini asialikwe kufundisha? Na kwa nini binti yake asipate njia ya kutambuliwa ujuzi alioupata jikoni kwa mama yake? VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi; upanuliwe uwafikie wapishi wa mitaani.

Chakula kinatupeleka kwenye shamba. Mgeni akila nyanya iliyosafirishwa kwa ndege huku mkulima wa Lushoto akikosa soko, ule unabii wa mwaka 1970 kuhusu fedha kurudi zilikotoka unatimia mbele ya macho yetu. Meneja ununuzi aliyefundishwa kujenga uhusiano na wakulima na wavuvi anaweza kulipunguza pengo hilo zaidi ya hotuba nyingi. Somo hilo lina nafasi gani katika mitaala yetu?

Kisha kuna lugha. Vyuo vya stashahada hufundisha na kutahini kwa Kiingereza, na wapo walimu wanaoungama faraghani kuwa huwaeleza wanafunzi kwa Kiswahili ili waelewe, kisha huwaandikia kwa Kiingereza ili wafaulu. Tokeo ni kijana aliyekariri istilahi za usalama wa chakula bila kuuelewa usalama wenyewe. Ninachopendekeza ni kwamba maarifa ya kazi yafundishwe kwa lugha ambayo mwanafunzi anafikiria nayo, na lugha za kigeni zifundishwe kwa dhati kama lugha: Kiingereza, Kifaransa, Kiitaliano, Kijerumani, Kichina, kwa saa za kutosha na walimu wanaozijua. Vijana wa ufukweni Zanzibar, wengine wasiomaliza hata kidato cha nne, wamejifunza Kiitaliano kwa kuzungumza na wageni. Hilo linatosha kuthibitisha kuwa vichwa vyetu havina kasoro; kasoro iko katika namna tunavyofundisha.

Muhimu pia ni maarifa ya nchi. Mwongoza watalii anayeweza kutaja majina ya Kilatini ya ndege mia mbili, lakini asiweze kueleza historia ya Wamaasai na ardhi ya Ngorongoro, wala kwa nini Loliondo ilikuwa katika habari za dunia mwezi Juni 2022, ni nusu ya mwongozaji. Mgeni atamwuliza. Akinyamaza au akitoa jibu la kukariri, mgeni atalitafuta jibu kwa wengine. Vivyo hivyo soko la watumwa la Mkunazini, Vita vya Majimaji, misikiti ya Kilwa Kisiwani: haya ni mambo yanayohitaji mtu aliyesoma historia na anayeruhusiwa kufikiri. Chuo kinachomwogopa mwanafunzi anayeuliza hakitatoa mwongozaji anayeweza kujibu.

Nakumbushia na mgeni tunayemsahau. Kwa takwimu zilezile za serikali, katika kila watalii watano wa mwaka 2024 watatu walikuwa wa ndani. Hata hivyo Mtanzania anayeingia katika hoteli ya nchini mwake kwa fedha zake bado hutazamwa kana kwamba amepotea njia, macho ya mhudumu yakimruka kumtafuta mgeni mweupe nyuma yake. Huo ni uboi katika sura nyingine, maana anayejidharau humdharau anayefanana naye. Mitaala inayomtaja "mgeni" huku ikimwazia mtu wa kutoka ng'ambo peke yake haina budi kuandikwa upya.

Ngazi ya kupandia, na haki kazini

Nimesikia hoja kwamba haya yote ni mapambo, kwamba hoteli inahitaji watu wa kufanya kazi na haihitaji wanafalsafa, na kwamba tukidai mengi wawekezaji watahamia kwingine. Ina ukweli kiasi: hoteli yenye vyumba mia moja inahitaji wahudumu wengi kuliko mameneja, na hakuna aibu katika kutandika kitanda vizuri. Aibu ni kumfanya anayekitandika akitandike hadi uzeeni pasipo njia ya kupanda, huku meneja wake akiletwa kutoka nje kila baada ya miaka mitatu. Mwekezaji mwenye akili anajua kwamba mfanyakazi asiye na mustakabali huondoka, au hubaki na mwili tu.

Sheria tunayo. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri wa mgeni awe na mpango wa urithishaji, yaani aonyeshe ni namna gani ujuzi utahamia kwa Mtanzania. Ningependa mtafiti kijana, labda mmoja wa wanafunzi wanaosoma hapa, achukue suala hili kuwa tasnifu yake: mipango mingapi ya urithishaji iliyowasilishwa na hoteli imewahi kukamilika, na Mtanzania akakalia kiti? Maofisa wa kazi wakiisoma mipango hiyo kwa makini yaleyale wanayosomea stakabadhi za ada, hali itabadilika. Vyuo navyo viwe na kozi fupi za uongozi kwa watu walio kazini, ili mhudumu wa miaka minane arudi darasani kwa miezi mitatu na kutoka akiwa tayari kuongoza idara.

Haki kazini nayo ni sehemu ya taaluma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kwa upande wa Bara, imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Zanzibar ina sheria yake ya ajira. Ni wahitimu wangapi wanaoingia kazini wakiyajua haya? Nani amewafundisha wasichana la kufanya mgeni au msimamizi anapovuka mpaka? Wazazi wengi wa Zanzibar wanaowazuia binti zao wasifanye kazi hotelini hulaumiwa kuwa wamepitwa na wakati. Nadhani wengi wao wameona wanachokiona. Chuo kitakachowaonyesha kuwa binti anatoka na ujuzi, mkataba na mahali pa kulalamika kitawashawishi haraka kuliko makongamano ya uhamasishaji.

Lipo na tatizo la soko la mtandaoni. Vyumba vingi sasa huuzwa kupitia programu za simu za makampuni ya ng'ambo, ambayo hujichukulia kamisheni kabla mgeni hajapanda ndege. Kijana wa Jambiani au Karatu mwenye vyumba vinne vya kulala wageni hawezi kuyakwepa makampuni hayo, lakini anaweza kufundishwa kupanga bei, kutunza hesabu, kupiga picha nzuri na kumfanya mgeni wa mara ya pili awasiliane naye moja kwa moja. Elimu ya ukarimu inayoishia kwenye kuajiriwa inawanyima vijana nusu ya uwezekano wao. Mkondo wa amali, ulioletwa na Sera ya Elimu na Mafunzo toleo la 2023, unatoa mwanya wa kuanza mapema katika sekondari, mradi shule zipewe walimu na majiko na siyo mihtasari mitupu.

Lakufanya sasa

Korona ilitufunza jinsi jengo hili linavyoweza kutikisika: kutoka watalii 1,527,230 mwaka 2019 hadi 620,867 katika mwaka mmoja. Waliopoteza kazi kwanza ni wale waliokuwa na ujuzi mmoja tu. Aliyejua kupika alifungua kibanda cha chakula mtaani. Aliyejua hesabu alihamia dukani. Aliyejua kufuta vijiko alirudi kijijini. Elimu pana ni bima ya mfanyakazi kabla ya kuwa faida ya mwajiri.

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Sisi tuna Kilimanjaro, Serengeti, Mji Mkongwe na bahari, na tumezoea kuhesabu miti yetu kwa majivuno. Wajenzi hawaoti wenyewe. Hadi mwaka 2027 tunayo miezi ya kuandikisha hoteli za kufundishia, kuufanya uanagenzi kuwa kanuni, kufungua hesabu za tozo na kuanza kuiandika upya mitaala. Wanafunzi, dai mkataba kabla ya kwenda fildi. Wanaharakati, ulizeni SDL iko wapi kwa sauti ileile mnayoulizia madawati na dawa. Na ninyi mlio wizarani, kumbukeni kwamba filamu humleta mgeni mara moja tu. Kinachomrudisha ni yule aliyempokea.